Tunaomba wapelelezi, si panda gari: barua ya wazi kwa wakuu wa Jiji la Arua

Kwa Mheshimiwa Meya na madiwani wa Jiji la Arua, Mheshimiwa Kamishna Mkaazi wa Jiji, Afande Kamanda wa Polisi wa West Nile, na waheshimiwa wabunge wetu.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza lisije likapotea katika maneno mengi. Mtu akiuawa katika jiji hili, awepo mpelelezi mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekabidhiwa faili la kifo hicho, mwenye mafuta na muda wa kulifanyia kazi, atakayekaa nalo mpaka lifike mbele ya jaji, na atakayewaeleza wafiwa limefikia wapi. Hatuombi panda gari, yaani malori ya askari. Hatuombi vijana wazolewe barabarani usiku na kurundikwa mahabusu, kisha gazetini tusome kwamba jiji limesafishwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Arua ndicho kinachotukutanisha sote, Mlugbara na Mkakwa, Mualuri na Mmadi, Mnubi na mgeni aliyetoka Aru ya Kongo au Yei ya Sudan Kusini, na ndicho askari wenu wanachotumia kambini. Mimi ni mama wa duka dogo la nafaka, mkazi wa upande wa Oli. Nikifunga duka jioni narudi kwa bodaboda kama wenzangu wote wa sokoni, na ninayoyasema humu yanasemwa sokoni kila siku kwa sauti ya chini.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilifanywa jiji, siku moja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Manispaa ya zamani ilikuwa na divisheni mbili, Arua Hill na River Oli, na mtu aliweza kuizunguka kwa miguu asubuhi moja. Jiji jipya likaichukua kaunti nzima ya Ayivu: Adumi, Aroi, Dadamu, Manibe, Oluko, Pajulu. Mashamba ya mihogo na mtama yakawa ndani ya mipaka ya jiji. Bei ya kiwanja ikapanda. Nyumba za kupanga zikaota mbali na mji kwa sababu huko kodi ni nafuu, na maelfu ya watu wanaofanya kazi katikati wakawa wanalala pembeni.

Lakini taa hazikuhamia pembeni pamoja nao. Barabara zilizojengwa kwa mradi wa USMID, ule wa Benki ya Dunia ulioanza na manispaa 14, zina lami na taa za sola, na tunashukuru. Ni barabara za katikati. West Nile yenyewe iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea bwawa dogo la Nyagak na majenereta, kwa hiyo hata pale penye nguzo hatukuwa na hakika ya umeme. Kila jioni watu wanavuka kutoka kwenye mwanga kuingia gizani wakiwa na mauzo ya siku mfukoni, au wamekalia pikipiki yenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 5. Waulizeni madereva wa steji yoyote ya bodaboda ni wapi wanapoogopa kupita baada ya saa mbili usiku. Watawatajia sehemu zilezile, na karibu zote ziko kwenye mshono huo kati ya mji wa zamani na jiji jipya.

Vituo navyo. Najua kwamba polisi nchini walifunga vituo vidogo vingi na kuwakusanya askari katika vituo vya subkaunti, na sababu naielewa. Oktoba 2022 kituo cha Busiika kilivamiwa na askari wawili wakauawa. Hakuna anayetaka askari wawili walale peke yao kwenye kibanda na bunduki moja. Ila kwa mama anayepiga kelele usiku wa manane, kituo kimekwenda mbali zaidi, na hakuna kilichoziba pengo hilo.

Niruhusuni niwasimulie kifo kimoja. Sitataja jina la marehemu wala la kituo, kwa sababu familia bado ina hofu.

Alikuwa kijana wa steji tunayoitumia. Alipigiwa simu baada ya Isha na mtu aliyejifanya mteja wake, akaenda kumchukua. Asubuhi wanawake waliokuwa wakienda shambani walimkuta kando ya njia, amepigwa nyundo kisogoni, pikipiki haipo. Habari ikafika stejini kabla ya kufika polisi. Watu wakamiminika, wengine kwa huzuni, wengine kupiga picha. Mpaka mpelelezi anafika, udongo ulikuwa umekanyagwa na mamia ya miguu, nyundo ilikuwa imepita mikononi mwa watu watatu au wanne, na mwili ulikuwa tayari juu ya pikapu. Hakuna aliyekuwa na utepe wa kuzungushia mahali pale. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, mzee mwema, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kazi yake ya kwanza ni kuwazuia watu wasisogee.

Familia ilikuwa na kitu kimoja cha maana: namba iliyompigia mwisho. Mke wake aliikumbuka kwa sababu ndiye aliyepokea simu marehemu akiwa anaoga. Waliipeleka. Wakaombwa pesa za mafuta, wakatoa. Wakaombwa pesa nyingine za kufuatilia namba kwenye kampuni ya simu, wakachanga msibani. Kisha mpelelezi akahamishwa kwenda wilaya nyingine. Aliyekuja baada yake aliwaomba wasimulie upya tangu mwanzo, na ile karatasi yenye namba haikuwamo tena katika faili. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Wenye mkopo walikuja kwa mjane kabla polisi hawajarudi.

Baadaye, kukiwa na kilio cha vifo vingine, ikaja operesheni. Vijana wengi wakakamatwa, baadhi wakiwa wanacheza ludo, baadhi wakitoka kutafuna mairungi (miraa), baadhi wakirudi kazini. Familia ikaenda kituoni kuuliza kama kati ya hao yupo aliyeulizwa habari za mtoto wao. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Walikamatwa kwa kuwa walikuwa nje.

Sisemi haya ili askari yule aadhibiwe. Nilimwona kwa macho yangu akisubiri bodaboda ya kumpeleka kwenye tukio kwa pesa zake mwenyewe. Mtu mwenye mafaili mengi kuliko vidole vyake, bila usafiri, bila karatasi, anayejua kwamba wakati wowote atahamishwa, mnamtaka akamate nani? Fedha zilizotia mafuta malori ya operesheni zingeweza kumpa pikipiki. Hapo ndipo uamuzi wenu ulipo, waheshimiwa, na ndiyo maana naandika kwenu badala ya kumwandikia yeye.

Sasa naomba mfikirie kuhusu ile pikipiki. Anayempiga dereva nyundo hana haja na dereva. Ana haja na chombo, na chombo kile hakitaki kukaa nacho kwa sababu kesho steji nzima itakitambua. Lazima awe na mnunuzi kabla hajaishika nyundo. Kuna fundi anayeifungua usiku ikawa vipuri, kuna anayeifuta namba ya chasisi na kugonga nyingine, na kuna njia za panya za kuvuka kwenda Kongo, upande wa Ariwara, au kupita Koboko na Oraba kwenda Sudan Kusini. Muuaji anaweza kuwa kijana wa miaka 19 aliyelipwa kidogo. Mnunuzi ni mtu mzima mwenye mtaji, na yeye hatembei usiku. Operesheni ya saa nne usiku haitamkuta barabarani hata ikifanywa kila wiki kwa miaka kumi. Atakayemkuta ni mpelelezi mwenye subira, anayeanza na simu moja, akaenda kwa fundi mmoja, akafika kwenye ghala moja.

Na mpaka usiwe kisingizio. Tangu Novemba 2021 jeshi letu liko Kongo kwa Operesheni Shujaa, pamoja na jeshi la nchi hiyo, katika Ituri na Kivu Kaskazini. Aru ni sehemu ya Ituri. Tangu 2022 Kongo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Sudan Kusini imo tangu 2016. Kama majenerali wanaweza kupanga vita pamoja, maofisa wa upelelezi wa Arua na wa Aru wanaweza kupeana kila Ijumaa orodha ya namba za chasisi za pikipiki zilizoporwa. Ni kurasa mbili za karatasi. Ibandikwe pia kwenye forodha ya Vurra, na ipelekwe kwa kila fundi na kila muuza vipuri mjini, ili anayenunua asiseme hakujua.

Mnajua wenyewe kwamba mwaka 2018 tulimzika mbunge wetu wa Manispaa ya Arua, Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, aliyepigwa risasi pamoja na mlinzi wake tarehe 8 Juni karibu na nyumbani kwake kule Matugga, nje ya Kampala. Waliomuua walikuwa juu ya pikipiki. Siku chache baadaye Rais alisimama Bungeni na kuahidi kamera, namba za kielektroniki kwa magari na pikipiki, na helmeti zenye namba. Kamera zilianza Kampala na viunga vyake. Hata hivyo, kamera haimkamati mtu. Inampa mpelelezi picha, na pasipo mpelelezi picha inabaki kuwa picha.

Nije kwetu sisi wananchi, maana tuna damu mikononi pia.

Steji ikipata fununu kwamba fulani ni mwizi wa pikipiki, honi zinalia, watu wanakusanyika, mawe yanaokotwa, petroli inatoka kwenye tangi la mtu, na kijana anachomwa. Taarifa za polisi za kila mwaka zina safu yake maalumu ya waliouawa na makundi ya watu, na safu hiyo haijawahi kuwa tupu. Naelewa hasira. Nimekaa na wajane. Lakini nawaambia madereva wetu, wanangu, na ninyi wakuu mnisaidie kuwaambia: kila mtuhumiwa anayechomwa anaondoka na jina la mnunuzi. Mkimuua aliyekuja na nyundo, aliyemtuma analala salama usiku huo, na kesho anatafuta mwingine. Tena mara ngapi aliyechomwa hakuwa mwizi? Kijana mgeni kapotea njia, au mgonjwa wa akili, au mtu mwenye deni kalipiziwa kisasi kwa kelele ya "mwizi!" Hayo ni mauaji, na faili lake linastahili mpelelezi sawasawa na faili la dereva. Sijasikia likipewa.

Watu wanauana kwa sababu wameacha kuamini kwamba kituoni kuna mwisho wa jambo. Wanasema: tulimkamata, tukampeleka, kesho yake yuko sokoni. Mara nyingine ni rushwa, hatudanganyani. Lakini mara nyingi ni sheria yenyewe, na hakuna kiongozi aliyejitokeza kuwaelezea watu. Katiba, ibara ya 23, inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Inasema pia kwamba mwenye kesi ya kusikilizwa na Mahakama Kuu pekee, akikaa rumande siku 180 kabla kesi haijapelekwa huko, aachiliwe kwa dhamana. Sheria hiyo ni nzuri, inatulinda sote. Siku 180 ni miezi sita. Upelelezi unaoshindwa kumaliza kazi kwa miezi sita kwa sababu karatasi imepotea, au ripoti ya daktari haijachukuliwa hospitalini, ndio unaomrudisha mtuhumiwa sokoni. Mwananchi haoni karatasi iliyopotea, anachokiona ni mtu aliyerudi.

Na wale wanaozolewa bila ushahidi wanaishia wapi? Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya 70,000 katika nafasi zilizojengewa takriban 20,000, na karibu nusu yao wanasubiri kesi. Kijana anayeingia kwa sababu alikuwa barabarani usiku anakaa bega kwa bega na yule wa nyundo. Atatoka akiwa anamjua mnunuzi. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya jinai vilivyoruhusu kumkamata mtu kwa kuonekana tu kuwa mzururaji. Naomba maofisa wetu wakumbushwe hukumu hiyo, kwa maana ni hukumu yao pia.

Kwa nini tunaogopa malori zaidi ya watu wa mahali pengine? Wazee wa Uganda wanajua panda gari, wakati wa serikali ya miaka ya themanini, watu walipokuwa wakizingirwa, wakipakiwa, na wengine wasionekane tena. Sisi wa hapa tuna tarehe yetu. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci wakidhani uzio wa kanisa utawafaa waliuawa na askari wa serikali. Ombaci leo ni sehemu ya jiji hili. Wako akina mama wanaoishi, waliokuwa wasichana siku ile. Wakiona askari wameshuka kwa wingi usiku hawahisi usalama, wanahesabu watoto wao. Najua polisi wa leo si jeshi la 1981, na sitaki yeyote aniambie nawafananisha. Nawaambia tu kile ambacho mtaa wangu unahisi, kwa kuwa shahidi mwenye hofu hafungui mdomo, na bila shahidi hakuna kesi.

Tujifunze kwa ndugu zetu. Masaka ilipata hadhi ya jiji siku moja na sisi. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai na Agosti 2021, watu wenye mapanga waliingia usiku katika nyumba za Masaka na Lwengo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wazee, baadhi wakiishi peke yao. Nchi nzima ilishtuka. Askari wakamwagwa, watu wengi wakakamatwa, kisha jambo likaingia siasa: wabunge wawili wakashtakiwa wakakaa gerezani tangu Septemba 2021 mpaka walipopewa dhamana Februari 2023. Katika mabishano hayo wale wazee waliouawa wakasahaulika. Gulu nao wana vijana wanaowaita aguu, wengi waliozaliwa au kukulia kwenye mabaki ya vita, wanaovizia watu usiku kwa mawe na visu. Wamekamatwa mara nyingi kwa makundi, wakarudi kwa makundi. Majiji haya yanafanana na letu, mapya, mapana, yenye vijana wengi wasio na kazi na giza pembeni. Nasi tusipochagua njia nyingine tutafika walikofika wao.

Kuna jambo jingine linalosemwa sana na sipendi lipite. Kila mauaji yanapotokea, kuna wa kusema ni Wakongo, au ni Wadinka na Wanuer wa kambi za wakimbizi. Rhino Camp na Imvepi ziko karibu nasi, na kweli mji umejaa watu kutoka huko. Lakini sisi ndio wa mwisho tunaopaswa kusema hivyo. Mwaka 1979 na 1980 West Nile nzima ilikuwa upande wa pili wa mpaka. Wazazi wetu walikula chakula cha watu wa Kongo na Sudan, na waliitwa wezi kila kitu kilipopotea. Ikiwa mhalifu ni mgeni, mpelelezi atamkuta kwa jina lake. Kumtuhumu kwa kabila lake ni kumpa mhalifu wetu wa nyumbani mahali pa kujificha.

Si vifo vyote vya hapa vinahusu pikipiki. Vingi havionekani barabarani kabisa. Ardhi ya Ayivu ni ya ukoo, mipaka yake ni mti na kumbukumbu ya mzee, na tangu bei ilipopanda ndugu wanashikiana mapanga kwa kiwanja ambacho zamani hakuna aliyekitaka. Mjane anaambiwa aondoke. Wako pia wanaouawa na waume zao ndani ya nyumba, na mtaa mzima unajua ugomvi ulianza lini. Hapa ndipo mauaji yanapoweza kuzuilika mapema kuliko pengine popote, kwa sababu yanatoa taarifa. Muuaji wa nyundo hatangazi, lakini ugomvi wa shamba hupita kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mara tatu, mara nne, kabla panga halijainuliwa.

Na huyo mwenyekiti tumemfanya nini? Uchaguzi wa LC1 ulifanyika Julai 2018, wa kwanza tangu 2001. Muhula wa miaka mitano ulipoisha 2023, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mwenyekiti analipwa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, nauli ya bodaboda ya siku chache. Ndiye tunayemtaka aandike wapangaji wapya katika daftari, asuluhishe mipaka, alinde mahali pa tukio na kuamka usiku. Enzi za mayumba kumi, mpango wa balozi mmoja kwa kila nyumba kumi tulioachiwa na Watanzania baada ya 1979, balozi huyo alijua kila aliyelala katika nyumba zake. Sitaki tena macho ya kupelekeana habari za siasa, na wazee wanajua mpango ule ulitumiwa hivyo pia. Nataka daftari la wakazi na katibu wa ulinzi aliyefundishwa, basi. Baraza la jiji linaweza kulifanya hili kwa bajeti yake bila kusubiri Kampala.

Mtaniambia uhalifu unapungua. Tarakimu za polisi za nchi nzima ni kesi 231,653 mwaka 2022, kesi 228,074 mwaka 2023, na 218,715 mwaka 2024, huku sensa ya Mei 2024 ikituhesabu kuwa takriban milioni 45.9. Sina sababu ya kuzikataa. Lakini hesabu hiyo imeweka simu iliyonyakuliwa na mtu aliyeuawa katika jumla moja, na ni ya nchi nzima. Haimwambii mkazi wa Manibe kama njia yake ni salama kuliko mwaka jana. Tena kitabu kinahesabu kilichoripotiwa. Mtu aliyeombwa pesa za mafuta mara mbili hatarudi mara ya tatu kuripoti, na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa ni amani.

Kwa hiyo tunaomba jiji litangaze kila mwezi, kata kwa kata, watu wangapi wameuawa, wangapi wameporwa kwa nguvu, wangapi wameuawa na makundi, na kati ya mafaili hayo ni mangapi yamefika kwa mwendesha mashtaka. Yasomwe redioni kwa Kilugbara na kwa Kiswahili. Hatutawatukana mkisema ukweli mbaya. Tutajua taa zinazofuata zisimikwe wapi, na kata gani ianze kurudi nyumbani mapema.

Afande Kamanda, kwako nina maneno ya pekee. Tunaomba dawati la mauaji lenye wapelelezi ambao hawahamishwi kesi zikiwa katikati. Na ikibidi mtu ahamishwe, aketi na familia na mrithi wake, wakabidhiane faili ukurasa kwa ukurasa mbele ya mashahidi. Tunaomba itangazwe kwa maandishi, ibandikwe kila kituo, kwamba mfiwa haombwi pesa ya mafuta. Kama mafuta hakuna, semeni hakuna, ili tuwabane wabunge watakapokaa kupitisha bajeti. Tunaomba mashahidi wasikilizwe mahali pasipo na dirisha la barabarani; mama mmoja aliniambia alitoa maelezo yake huku shemeji wa mtuhumiwa amesimama mlangoni.

Waheshimiwa wabunge, vikao vya jinai vya Mahakama Kuu hapa Arua vinategemea fedha. Kila kikao kisichofanyika ni kesi za mauaji zilizobaki kabatini na mashahidi wanaohama, wanaosahau, wanaokufa. Ulizeni swali hilo Bungeni kwa jina la jiji lenu.

Na sote tunaomba mkutano. Mchague uwanja, mchague siku, sisi tutakuja, madereva wa steji zote, wanawake wa sokoni, wenyeviti wa LC, masheikh na mapadre. Mje na orodha ya waliouawa tangu mwaka ulipoanza. Likisomwa jina, asimame mpelelezi wa faili lile aseme limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba amekwama na anahitaji msaada wetu. Huenda katika umati huo yuko anayeijua ile namba ya simu.

Wasalaam,

Mama wa duka la nafaka,
mkazi wa Oli, Jiji la Arua